Dalili ya Mvua ni Mawingu. Dalili ya Kufaulu ni Nini?

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mimi sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na sisi wanafunzi, tunaoyaacha mawingu tukaenda kutazama bundi, paka mweusi na maua ya mjakaranda, tukitafuta humo dalili ya gredi tutakazopata katika KCSE. Tuko wengi, wala si watahiniwa wa Kidato cha Nne pekee. Ugonjwa huu umeshuka hadi madarasa ya chini.

Nimeomba nafasi katika jarida la chama chetu nitoe maoni yangu wazi. Maoni yenyewe ni haya: maumbile yanasema, tena yanasema mengi, lakini hayasemi habari za alama zetu. Anayeyasikiliza vizuri atafaidika. Anayeyaomba ubashiri wa mtihani atapata hasara, na hasara hiyo nimeiona nyumbani kwetu kwa macho yangu mawili.

Kwanza niyataje mambo yenyewe, maana nisipoyataja mtasema nimeyatoa mfukoni. Ukijikwaa mguu wa kushoto asubuhi ya mtihani, ati huo ni mkosi. Rudi ndani ukae kidogo ndipo utoke tena. Ukikutana na paka mweusi kabla hujafika steji, karatasi ya siku hiyo imekuponyoka. Kope ya chini ikichezacheza, utalia. Ndege akikunyea kichwani, hiyo ni bahati, usijifute upesi. Mvua ikinyesha asubuhi ya karatasi ya kwanza, ni baraka. Isiponyesha, basi hiyo pia ni baraka kwa sababu hutalowa!

Lugha yetu yenyewe inashuhudia kwamba mambo haya hayakuanza jana. Katika Kiswahili neno "ndege" si la kiumbe mwenye mbawa tu. Ukisema "ndege mbaya" au "ndege njema", unazungumzia ishara ya shari au ya heri. Watu wa zamani waliwatazama ndege kabla ya safari, nasi tunawatazama kabla ya hesabu.

Hapa shuleni, mti unaoheshimiwa kuliko hata mwalimu wa zamu ni ule mjakaranda ulio karibu na lango. Mtihani unapofika, Oktoba na Novemba, chini yake huwa pametandikwa zulia la zambarau. Imani yetu ni kwamba ua likikuangukia kichwani bila wewe kuutikisa mti, umefaulu. Mwaka jana niliwaona kaka wawili wa Kidato cha Nne wamesimama pale saa nzima ya chakula cha mchana, vitabu wamevifunga, vichwa wameviinua kama vifaranga wanaongoja kulishwa. Nilicheka sana. Kisha mimi mwenyewe nikapita chini ya mti ule, polepole. Nakiri.

Baadaye niligundua kwamba hatuko peke yetu. Katika Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, wanafunzi wana imani hiyo hiyo: ua la mjakaranda likikuangukia kichwani utapita mitihani yako yote. Lakini katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, kulikuwa na mjakaranda mashuhuri uliopandwa mwaka 1928, na huko walisema kinyume kabisa: ukichanua kabla hujaanza kusoma, umekwisha chelewa, utaanguka. Ajabu iliyoje! Mti ni ule ule, asili yake Amerika Kusini, na ua ni lile lile. Pretoria likianguka ni shangwe, Sydney likichanua ni kilio. Je, ua lilibadilisha nia likiwa safarini?

Sababu ni nyepesi. Katika miji hiyo, kama hapa Nairobi, mti huu huchanua mitihani ikiwa karibu. Vitu viwili vikitokea pamoja kila mwaka, binadamu huvifungisha ndoa. Mjakaranda ule wa Sydney ulianguka Oktoba 2016. Sijasikia kwamba mitihani ilianguka pamoja nao.

Wenzetu wa Korea Kusini nao huepuka kunywa supu ya mwani siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, kwa kuwa mwani unateleza na wao wanaogopa kuteleza. Sasa sisi tuliokula mrenda tangu utotoni si tungekuwa tumeteleza mpaka Mombasa?

Hata hivyo, sikuchukua kalamu ili niwacheke watu. Niliichukua kwa sababu ya kaka yangu.

Sisi tunaishi Jericho, si mbali na Jogoo Road, katika zile nyumba za zamani zenye uwanja na miti mikubwa. Usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza ya hesabu, kaka yangu akiwa mtahiniwa, bundi alikuja akatua juu ya mti ulio mbele ya mlango wetu. Akalia. Ukiyasoma haya mchana utacheka, lakini bundi akilia usiku wa manane na stima imepotea, si mchezo. Jirani mmoja alitoka akamrushia mawe. Mwingine akasema kwa sauti, "Hapa kuna mtu anaitwa." Mama akatia chumvi kwenye jiko la makaa akikemea. Bundi akahamia mti wa pili, akaendelea na kazi yake.

Kaka alikuwa na mshumaa na daftari la hesabu mbele yake. Alilifunga daftari, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Hapo basi. Imeshaandikwa." Hakusoma tena, wala hakulala. Asubuhi aliondoka bila kunywa chai, na nilimwona akivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, kwa uangalifu, kama mtu anayeruka moto.

Matokeo yalipotoka, alipata pointi 45. Kwa wale ambao bado hawajaanza kuhesabu, KCSE huhesabiwa kwa masomo saba, na A ni pointi 12, jumla pointi 84. Ili upangiwe nafasi ya shahada katika chuo kikuu kupitia KUCCPS, ni lazima upate C+, na C+ inaanzia pointi 46. Pointi moja tu! Hesabu alipata D+. Ingekuwa C-, angevuka.

Nyumbani hakuna aliyemlaumu. Kila mtu alisema, "Si mnakumbuka yule bundi?" Majirani walikuja kutupa pole kana kwamba tumefiwa, na bundi akapata sifa za nabii. Nami niliamini. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita karibu na mti ule mbio mbio, hasa jioni.

Likizo ya Aprili mwaka huu tulikuwa tukifua nguo pamoja kwenye mfereji, nikamwuliza kaka, "Kama bundi hangelia, ungepata ngapi?" Alinyamaza, akakamua shati, kisha akasema, "Wewe, wacha nikuambie ukweli. Vekta nilikuwa nimeziruka tangu Kidato cha Tatu. Usiku ule ukurasa niliokuwa nimeufungua ulikuwa wa vekta, na nilikuwa naona giza tu. Bundi alipolia, moyo wangu ulitulia. Nilipata wa kusingizia."

Akaendelea kuniambia kwamba kesho yake, hata maswali aliyoyajua yalimponyoka kwa sababu ya usingizi.

Ndugu msomaji, hebu rudia maneno yale: nilipata wa kusingizia. Hapo ndipo penye sumu. Ishara mbaya haimwangushi mtu. Inampa ruhusa ya kuacha kujaribu, tena ruhusa yenye heshima, maana nani atamlaumu mtu aliyeandikiwa? Na ishara njema ni pacha wake: inampa mtu ruhusa ya kupumzika kabla kazi haijaisha. Wale kaka wawili chini ya mjakaranda hawakuwa wakitafuta ua. Walikuwa wakitafuta ruhusa.

Siku iliyofuata nilijipa moyo nikaenda chini ya ule mti wa bundi. Nilikuta vidonge vya manyoya vilivyokauka, na ndani yake vifupa vyembamba na meno madogo. Shule zilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wa biolojia viwili ndani ya karatasi. Alinieleza kwamba bundi humeza panya mzima mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa asiyoweza kuisaga. Nikakumbuka kwamba ule mwezi wa mtihani wa kaka, gari la takataka halikuwa limepita kwa wiki kadhaa, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kilima cha uchafu. Palipo na takataka pana panya, na palipo na panya bundi hakosi. Kumbe bundi alileta ujumbe kweli! Ujumbe wenyewe ulikuwa, "Panya wamejaa hapa kwenu." Ploti nzima tuliusikia usiku ule, na hakuna hata mmoja aliyeuelewa. Tulimpiga mawe mfanyakazi aliyekuwa akitusaidia bila mshahara.

Msidhani basi nasema kwamba kila anayetazama maumbile ni mshirikina. La hasha! Nyanya yangu anaishi Bunyore, kaunti ya Vihiga, na huko kuna ukoo mashuhuri wa Nganyi, wataalamu wa kutabiri mvua. Wao hutazama miti inavyochipua na kuchanua, mienendo ya ndege na wadudu, na upepo unavyovuma. Kuanzia mwisho wa miaka ya 2000, wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya walikaa nao chini, wakalinganisha utabiri wa pande zote mbili ili wakulima wapate taarifa moja ya kuaminika. Watu wenye vyombo na digrii hawakuwadharau wazee, kwa sababu mti na mdudu huishi ndani ya hewa hiyo hiyo inayoleta mvua.

Mfano wa pili unatoka kaskazini mwa Kenya. Waborana humfuata ndege mdogo ambaye huwaita na kuwaongoza mpaka penye nyuki wa porini. Mkenya mwenzetu, Hussein Isack, akishirikiana na H. U. Reyer, hakusema "huo ni uongo wa wazee", wala hakusema "amina" bila kuchunguza. Walihesabu. Mwaka 1989 walichapisha matokeo yao: katika eneo wasilolizoea, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kila mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa na ndege. Na ndege naye ana faida yake, kwa kuwa watu wakishavunja mzinga yeye hula nta na mabuu. Huyo ni ndege njema wa kweli!

Kutokana na mifano hii nimejifunza swali moja ambalo nawaomba mlibebe: njia iko wapi? Kati ya wingu na mvua pana njia. Kati ya ndege yule na asali pana njia. Kati ya bundi na panya pana njia. Lakini kati ya bundi na karatasi ya hesabu, njia iko wapi? Karatasi imefungwa ndani ya kontena lenye kufuli, na nje askari analinda. Bundi aliisomea wapi?

Nami niliamua kuhesabu. Muhula wa pili nilipiga mistari kwenye daftari. Kila siku ya mtihani mdogo darasani, niliandika asubuhi dalili niliyokutana nayo, nzuri au mbaya, na alama zikirudi nikaziandika mkabala. Mitihani ilikuwa 12. Siku sita zilikuwa na mkosi: kunguru wa peke yake, kujikwaa, paka. Siku sita zilikuwa njema au hazikuwa na neno. Wastani wa siku za mkosi ulikuwa 54. Wastani wa siku njema ulikuwa 55. Alama zangu za juu kuliko zote, 71 katika biolojia, nilizipata siku ambayo nilijikwaa na kunguru akanililia papo hapo! Najua mitihani 12 ni michache na mwalimu wa hesabu atanikosoa. Lakini nilikuwa na safu nyingine katika daftari, ya jioni nilizosoma somo hilo wiki ile. Safu hiyo haikuhitaji mganga kuifasiri. Penye jioni nne palikuwa na alama sitini na kitu. Penye jioni sifuri, afadhali nisiseme, kwa maana wazazi nao watalisoma jarida hili.

Daftari lilinifunza jambo jingine. Kabla sijaanza kuandika, ningeapa kwamba mikosi yote hutimia. Sababu ni kwamba siku ya mkosi nikianguka, nilikumbuka mpaka rangi ya paka. Siku ya mkosi nikifaulu, paka nilimsahau kabla ya saa nne. Akili yetu ni karani mpendeleo: huandika yaliyotimia, yasiyotimia huyatupa.

Kuna watakaonipinga. Mmoja wa rafiki zangu aliposikia naandika makala haya aliniambia, "Lakini ua likiniangukia napata moyo. Ubaya uko wapi?" Hoja yake si ndogo. Mtahiniwa anahitaji moyo kama anavyohitaji kalamu. Lakini moyo unaotoka mtini hukaa mtini. Siku ua lisipoanguka utafanya nini? Unaotokana na kazi uliyoifanya huingia nawe chumba cha mtihani, na msimamizi hawezi kukunyang'anya mlangoni.

Mwingine atauliza, je, na dua? Siwezi kushindana na masheikh na mapadri, na sala ya watahiniwa hapa shuleni mimi mwenyewe huhudhuria. Ninachojua ni kwamba mwenye kuomba anazungumza na Mungu wake, naye hukubali kwamba kazi iko mikononi mwake. Kufunga kitabu kwa sababu bundi amelia si ibada.

Sasa basi, mtahiniwa wa Eastlands atazame nini? Atazame mawingu! KCSE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, hufika wakati wa mvua za vuli. Nyote mnajua Jogoo Road inavyokuwa ikinyesha: maji barabarani, magari yamesimama, na makanga ameongeza nauli kabla tone la pili halijaanguka. Mwaka 2023 mvua za El Nino zilipokuja wakati wa KCSE, kuna sehemu za nchi ambako barabara zilikatika na karatasi zikapelekwa kwa helikopta. Mvua ile haikuwa ya ghafla. Maji ya bahari ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kupita kawaida, na wanasayansi waliiona dalili hiyo miezi kadhaa mapema.

Kwa hiyo ukiona wingu jeusi jioni ya kuamkia mtihani, hiyo ni ishara ya kweli, isome. Maana yake stima huenda ikapotea, basi soma mapema na uweke mshumaa karibu. Maana yake matatu zitachelewa, basi lala mapema uamke saa kumi na moja, weka kalamu na kitambulisho ndani ya karatasi ya nailoni, uanze kutembea. Ukifika umelowa kidogo lakini umefika, wingu limekusaidia kuliko maua ya mjakaranda ya mwaka mzima.

Kaka yangu siku hizi anasomea stashahada ya umeme, na anasema akimaliza ataendelea hadi shahada. Hajafa moyo, kwa maana chuo kikuu kina milango zaidi ya mmoja. Lakini mlango ule wa kwanza aliukosa kwa pointi moja, na ameniruhusu niyaandike haya ili asiwepo mwingine.

Mwaka ujao ni zamu yangu. Bundi bado yupo, nilimsikia hata wiki iliyopita. Mama alitaka kuinuka akachukue chumvi, nikamwambia, "Mwache mama, yuko kazini." Kisha nikarudi kwenye daftari langu. Nimeanza na vekta.